Hesabu Ikae na Maneno Yake

Programu ya noti ndiyo daftari la kwanza la mtu mwenye simu janja. Humo huandikwa deni la dukani, hisa za wiki, namba ya fundi, nauli ya mzigo na kilo za kahawa zilizopelekwa chama cha msingi. Haimuulizi mwandishi maswali, haimlazimishi kujaza visanduku, na inafunguka hata mtandao ukikata. Kasoro yake kubwa ni kwamba mara nyingi haijui hesabu. Mtu akiandika humo "debe 14 x 45,000", programu inaona herufi tu, kama ambavyo ingeona jina la mtu. Ili apate jibu inambidi atoke kwenye noti, afungue kalkuleta, apige hesabu, ashike jibu kichwani, kisha arudi kuliandika. Kinachobaki kwenye maandishi ni 630,000. Njia iliyoizaa hiyo 630,000 imefutika pale alipofunga kalkuleta, na siku mnunuzi akisema debe zilikuwa 13, hakuna pa kuanzia ubishi ila kumbukumbu ya kila mmoja.

Kuingiza alama chache za hesabu na za maandishi ndani ya programu ya noti, yaani kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kuunganisha maneno, kuyatafuta na kuyahesabu, kunaonekana kama kazi ndogo ya mafundi wa kompyuta. Kwangu ni jambo zito kuliko hivyo, kwa sababu linaiweka njia ya hesabu mahali palepale penye maneno yanayoieleza, na watu wanapogombana kuhusu fedha ni nadra kugombania jibu, hugombania njia. Swali la mwanakikundi aliyenuna si "ni ngapi?" bali "umezipataje?" Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Itapatikana tu ikiwa alama hizo zitasoma hesabu kwa namna tunavyoiandika sisi, na ikiwa zitakubali kunyamaza pale zisipoelewa.

Sanya Juu ni mahali pazuri pa kuipimia hoja hii. Ni makao makuu ya Wilaya ya Siha, magharibi mwa Kilimanjaro. Juu kuna kahawa na migomba, chini kuna mahindi na maharage, na ukielekea Ngarenairobi unakuta viazi na karoti. Mazao hayo hayazungumzi kipimo kimoja. Kahawa ni kilo, maharage ni debe, mahindi ni gunia, shamba ni ekari, kibarua ni siku au kipande. Na mlima huu una historia ndefu ya daftari. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Kilimanjaro, KNCU, wenye makao Moshi. Mfumo wa malipo uliojengwa na ushirika ulikuwa wa awamu: mkulima anapeleka kahawa, inapimwa, anapewa malipo ya awali, kisha anasubiri kahawa iuzwe mnadani ndipo aletewe malipo ya pili na, mwaka ukiwa mzuri, majaliwa. Maana yake ni kwamba mkulima alilazimika kubeba kwa miezi hesabu ambayo namba yake moja haijulikani bado. Kilo anazijua, malipo ya awali anayajua, bei ya mwisho hajui. Chuo cha Ushirika kilichofunguliwa Moshi mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu cha Ushirika, kimefundisha kwa miongo makatibu na watunza vitabu wa vyama kubeba hesabu za namna hiyo bila kuzipoteza.

Hesabu yenye namba inayosubiriwa ndiyo hasa ambayo noti yenye uwezo wa kuhesabu inaimudu. Mkulima anaandika "kilo = 212", chini yake "bei ya mwisho = ", anaacha wazi, na chini yake tena "jumla = kilo x bei ya mwisho". Programu inakaa kimya. Mnada ukishapita na bei ikijulikana, anaijaza mahali pamoja, na kila mstari unaoitegemea unajisahihisha. Mafundi wa kompyuta wamelijua jambo hili kwa muda mrefu. VisiCalc, programu ya majedwali ya hesabu iliyotoka mwaka 1979 kwa kazi ya Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston, ilipendwa kwa sababu hiyohiyo: badili namba moja, nyingine zote zifuate. Mwaka 2003 mtaalamu wa elimu ya nyota huko Uholanzi, Carsten Dominik, alianzisha Org, mfumo wa noti za maandishi matupu ambao baadaye uliweza kuweka majedwali yenye hesabu katikati ya aya. Na mwaka 2024 kampuni ya Apple iliingiza hesabu katika programu ya noti ya simu zake: mtu anaandika hesabu, anaweka alama ya sawasawa, jibu linajitokeza. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Tunazungumzia kitu kilichopo, ambacho hakijafanywa kwa ajili ya mtu anayeandika "laki mbili na nusu".

Kabla ya kufika huko, kuna ushahidi wa karibu zaidi juu ya thamani ya kuona njia ya hesabu, na haukutoka kwenye maabara ya kompyuta. Ni kikokotoo cha mafao ya wastaafu. Mwaka 2018, baada ya mifuko ya hifadhi ya jamii kuunganishwa, zilitoka kanuni zilizowapa wastaafu wote robo ya mafao yao kwa mkupuo na kiasi kilichobaki kama pensheni ya kila mwezi. Watumishi ambao mifuko yao ya awali ilikuwa ikilipa nusu walipinga vikali, na Desemba mwaka huo Rais John Magufuli akasitisha kanuni hizo. Kanuni mpya ikaanza Julai 2022 ikiwa na mkupuo wa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024/25 serikali ikatangaza kupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Taifa zima lilibishana juu ya hesabu moja, na katika ubishi ule neno "kikokotoo" lilitajwa mara nyingi kuliko hesabu yenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kanuni ya 2022, unachukua idadi ya miezi ya utumishi, unaigawa kwa 580, unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu bora. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu ya asilimia 33 inazidishwa kwa 12.5 na kuwa mkupuo. Asilimia 67 inagawanywa kwa 12 na kuwa pensheni ya mwezi. Tumchukue mwalimu wa mfano aliyetumikia miezi 360 kwa wastani wa shilingi milioni 12 kwa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka ni 7,448,276. Mkupuo ni 30,724,138, na kila mwezi 415,862. Ukibadili 33 kuwa 40, mkupuo unapanda hadi 37,241,379 na pensheni ya mwezi inashuka hadi 372,414. Hapo ndipo kiini cha mjadala mzima kilipo: karibu milioni sita na nusu zaidi leo, kwa kupungukiwa elfu 43 na kitu kila mwezi kwa maisha yaliyobaki. Mtu anaweza kupenda upande wowote, na ni haki yake. Lakini mwalimu mwenye mistari mitano ya noti inayojihesabu, yenye "asilimia = 33" juu na matokeo chini, angeweza kuibadilisha namba hiyo mwenyewe, akaona kinachopanda na kinachoshuka, akaenda mkutanoni na swali lake. Aliyeletewa jibu tupu hana cha kuuliza.

Sasa tuingie jikoni kidogo, tuone programu inavyofanya. Mstari ukiandikwa, programu kwanza inaukata vipande: hii ni namba, hii ni alama, hili ni neno. Kisha inapanga ni kipi kifanyike kabla ya kipi. Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza mwaka 1961 njia ya kufanya upangaji huo ambayo hadi leo inatumika, akaifananisha na uwanja wa reli ambako mabehewa husukumwa njia ya pembeni yakasubiri zamu: namba zinapita moja kwa moja, alama zinasubiri pembeni mpaka alama yenye haki kubwa zaidi imalize kazi. Yeyote aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua mpangilio huo kwa jina la MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kalkuleta nyingi za bei nafuu haziufuati. Ukibonyeza 2 + 3 × 4 zinakupa 20, kwa sababu zinahesabu kila unapobonyeza. Aliyefuata MAGAZIJUTO anapata 14. Noti ni maandishi, na maandishi husomwa mstari mzima, hivyo inapaswa kutoa 14. Ila MAGAZIJUTO nayo ina mtego kwa anayeifuata neno kwa neno. Salio la 10,000, ukatoa 3,000, ukaongeza 2,000, ni 9,000. Anayeamini kwamba lazima ajumlishe kwanza ndipo atoe atajumlisha 3,000 na 2,000, atoe 5,000, abaki na 5,000. Kompyuta huzipa kujumlisha na kutoa haki sawa na kwenda kushoto kuelekea kulia, na katika daftari la fedha hiyo ndiyo sahihi.

Hayo ya jumla yamekwisha tatuliwa zamani. Yaliyo magumu ni yetu. Tanzania tunaandika bei hivi: 15,000/=. Mkwaju na alama ya sawasawa vinafunga mlango ili mtu asiongeze tarakimu nyuma. Ni urithi wa enzi ambazo shilingi na senti ziliandikwa zikitenganishwa na mkwaju, 2/50 ikiwa shilingi mbili na senti hamsini. Kwa programu iliyotengenezwa bila kutujua, mkwaju ni kugawanya na sawasawa ni ombi la jibu, kwa hiyo 15,000/= ni hesabu iliyokatika katikati, na 2/50 ni 0.04. Tarehe 12/3/2024 ni 12 kugawa kwa 3 kugawa kwa 2024. Matokeo ya mpira, 2-1, ni 1. Nyota, ambayo kompyuta nyingi huitumia kuzidishia, ndiyo tunayobonyeza kuingia M-Pesa: *150*00#. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho cha ajabu. Ni maandishi ya kila siku ya mamilioni ya watu. Programu inayovamia noti na kuanza kuhesabu kila inachokiona itaharibu kumbukumbu kwa dakika moja.

Dawa yake ni kanuni chache zilizo wazi. Sawasawa iliyogandana na mkwaju ni alama ya shilingi, iachwe. Sawasawa iliyokaa peke yake mwisho wa mstari wenye hesabu, ikiwa na nafasi kabla yake, ni ombi la jibu. Mkwaju uliobanwa kati ya tarakimu ni tarehe au bei. Wenye nafasi pande zote mbili ni kugawanya. Zaidi ya hapo, mtu aruhusiwe kuandika neno: "jumlisha", "toa", "mara", "gawa kwa". Na pale mstari unaposomeka namna mbili, programu isichague. Iuache kama ulivyo.

Namba zinazoandikwa kwa maneno zinahitaji uangalifu huohuo. "Laki nne na nusu" ni 450,000, na hakuna Mtanzania anayeisoma vingine. "Laki moja na ishirini" kwa mazungumzo ni 120,000, ingawa aliyeandika hakutaja elfu. Lakini "elfu kumi na mbili" inaweza kuwa 12,000 na inaweza kuwa 10,002, na ni mazingira tu yanayoamua. Programu nzuri itaisoma laki nne na nusu bila wasiwasi, na kwa elfu kumi na mbili itaonyesha tarakimu ilizoelewa pembeni, kwa rangi hafifu, kabla ya kuzitumia, ili mwandishi akubali au arekebishe. Vipimo navyo ni hivyo. Isijifanye inajua gunia lina kilo ngapi. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, lakini shambani na barabarani watu bado hujaza mpaka juu, na debe la maharage halilingani uzito na debe la mahindi. Mwandishi aseme mwenyewe, "gunia = debe 6", na programu ifuate alichosema katika noti ile tu.

Kuna jambo moja ambalo utaratibu wetu unalirahisisha. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa alfajiri. Kibarua aliyeingia shambani saa 2 asubuhi na kutoka saa 10 jioni amefanya kazi saa 8, na jibu linapatikana kwa kutoa tu, 10 ukiondoa 2. Kwa saa za Kizungu, ambazo mzunguko wake wa 12 hukatika adhuhuri, kazi hiyohiyo inaanza saa 8 na kuisha saa 4, na anayetoa anapata namba hasi. Mchana wote wa kazi uko ndani ya mzunguko mmoja. Mtengenezaji wa programu akilitambua hilo, hesabu ya ujira wa vibarua inakuwa nyepesi kuliko ilivyo katika programu za ng'ambo. Ila awe mwangalifu na aliyeanza saa 11 alfajiri, ambaye mzunguko wake unakatika kabla ya saa 1 asubuhi.

Katika kugawanya ndipo hasara halisi hutokea. Tuseme kikundi cha akiba cha VICOBA kinavunja mzunguko kikiwa na shilingi 4,385,000 sandukuni na hisa 1,260. Kalkuleta inasema kila hisa ni 3,480.158730. Katibu anatazama tarakimu hizo, anaona usumbufu, anazungusha kuwa 3,500. Ugawaji unaanza, watu wanapokea fedha zao na kushukuru, na wanaofika mwisho wanakuta sanduku limepungua. Hisa 1,260 kwa 3,500 ni 4,410,000. Pengo ni 25,000, na mweka hazina ndiye atakayetazamwa kwa macho mabaya. Noti iliyofikiriwa vizuri ingeandika hivi: kila hisa 3,480, inabaki 200. Baki ni sehemu ya jibu. Shuleni tulifundishwa kuliandika, kisha kalkuleta zikatufundisha kulifunika kwa desimali. Kwa fedha taslimu, ambazo sarafu zake hazigawanyiki kadiri mtu apendavyo, kugawanya kwa kuacha baki ndiko kunakopaswa kuwa chaguo la kwanza la programu.

Alama za maandishi zina hatari za aina nyingine. Tuseme noti ya mwezi ina mistari 60 ya marejesho, na katibu anataka kujua wangapi wamelipa. Anaiomba programu ihesabu mistari yenye "lipa". Inampa 60. Kiswahili kinaweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, hivyo "amelipa", "hajalipa" na "hatalipa" vyote vina "lipa" tumboni, na aliyetafuta shina amewahesabu wadaiwa pamoja na waliomaliza. Inabidi kutafuta neno zima, "amelipa", na programu ya Kiswahili inapaswa kufanya hivyo bila kuambiwa. Majina nayo yana yake: Masawe mmoja huandikwa kwa s moja wiki hii na kwa s mbili wiki ijayo, na jumla ya mistari yenye "Masawe" inaiacha ile yenye "Massawe". Hakuna alama itakayolimaliza tatizo hilo kabisa. Kinachowezekana ni programu kuonyesha mistari iliyohesabu, si idadi peke yake, ili jicho la mwenye kikundi ligundue aliyeachwa. Kisha kuna tofauti ya kujumlisha na kuunganisha. Katika lugha kadhaa za kompyuta alama ya + hufanya kazi zote mbili, hivyo 5 na 5 zikichukuliwa kama maandishi huzaa 55. Kwenye noti ya fedha hilo halivumiliki. Kuunganisha kupewe alama yake, mbali kabisa na ya kujumlisha.

Watakaosema kwamba Excel ipo na inatosha wana hoja. Majedwali ni chombo chenye nguvu, na chama cha msingi chenye wanachama mamia kinayahitaji. Lakini jedwali linataka mtu aamue mapema safu zake, na kwenye kioo kidogo cha simu maneno marefu hayana pa kukaa. Lina pia tabia ya kugeuza kimyakimya kile ulichoandika. Namba ya simu inayoanza na sifuri, ikichukuliwa kama namba, hupoteza sifuri yake, na hapo muamala hautumwi. Wanasayansi wa vinasaba waliteseka kwa namna hiyo kwa miaka: jeni lililoitwa SEPT1 liligeuzwa na Excel kuwa tarehe ya Septemba, na MARCH1 ikawa Machi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kuyabadili majina yenyewe, SEPTIN1 na MARCHF1, ili yapite salama. Ilikuwa rahisi kubadili sayansi kuliko kubadili programu. Funzo kwa mtengenezaji wa noti ni kwamba alichoandika mtu kibaki kama kilivyo, herufi kwa herufi, na jibu likae pembeni yake likitambulika kuwa ni jibu.

Wengine watasema siku hizi unaiuliza tu akili bandia. Kweli inaweza kusoma "laki nne na nusu" vizuri kuliko kanuni yoyote. Lakini mifumo hiyo hutunga jibu kwa kukadiria maneno yanayofuata, na katika hesabu ndefu inaweza kukosea kwa sauti ileile ya kujiamini inayotumia ikipatia. Mingi pia inahitaji bando na mtandao, na inapeleka majina na madeni ya watu nje ya simu. Kujumlisha na kugawanya hakuhitaji hayo yote. Ni programu ndogo mno inayofanya kazi ndani ya simu ya bei ya chini, na jibu lake ni lilelile leo na kesho.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wanaotetea daftari la karatasi. Karatasi haiishi chaji, ina saini na dole gumba, na aliyefuta ameacha doa. Katika kikundi ambacho sanduku lina kufuli tatu na funguo kwa watu watatu, kuhamishia kumbukumbu kwenye simu ya katibu mmoja ni kuvunja kinga hiyo. Nakubali, na sioni sababu ya kuiondoa kaunta buku. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iviweke vikundi vya namna hii katika daraja la nne la watoa huduma, vinatakiwa kusajiliwa, na kumbukumbu zao zina uzito kuliko zamani. Kitabu chenye saini kibaki kuwa ushahidi. Kazi ya noti ni kuandaa hesabu kabla haijanakiliwa kitabuni, na kumwezesha mwanachama aliyekaa nyuma kuirudia kwenye simu yake mwenyewe. Wanaohofu kwamba vijana watasahau kuhesabu wanapaswa kukumbuka kwamba kalkuleta ndiyo iliyowazoesha kupokea jibu bila njia. Mstari unaosomeka "14 x 45,000 toa 450,000" unamtaka aliyeuandika ajue kwa nini anazidisha na kwa nini anatoa.

Nani atengeneze? Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, jedwali la hesabu likiwemo, na walionyesha kwamba kazi hiyo inafanyika hapahapa. Ilikuwa kazi ya kutafsiri menyu. Inayofuata ni ndogo kwa ukubwa na ngumu kwa fikra: kusoma maandishi yetu yalivyo. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuandika kiini chake kwa wiki chache; muda mrefu utakwenda kwenye kukusanya mistari halisi ya makatibu, wauza maharage na wapima kahawa, na kuijaribia programu mpaka isikosee 15,000/= hata mara moja. Na ihifadhi kila kitu kama maandishi matupu, njia na jibu pamoja, kwa sababu wanachama wengi bado wana simu za kitochi. Mstari wa "hisa 35 x 3,480 = 121,800" unaenea ndani ya SMS moja ya herufi 160, unabaki na nafasi ya jina na tarehe, na anayeupokea anaweza kuukagua kwa kalamu.